Chawa Aliyevaa Nusu

Soko la samaki, Meza ya Nne
4 Februari

Mke mwenza,

Naanza na kazi, salamu zitafuata, hazina pa kwenda. Dereva wa lori la barafu anakuletea chupa kumi na mbili. Chawa wakubwa ni wa ulimini mwa samaki, wadogo ni wa matamvuani, pale samaki anapopumulia. Wote wazuri, hakuna aliyevunjika hata mguu. Nimewaosha kwa maji ya bahari, nikawalaza kwenye spiriti, na vifuniko nimevikaza kwa mkono wangu mwenyewe. Ukishindwa kufungua, kula ushibe.

Anayeandika ni jirani yetu Fundi wa cherehani, kama kawaida. Mimi nasema, yeye anapiga mishono. Simu sitaki. Ukimwambia mtu ukweli kwenye simu, utasikia tu imekatika.

Haya, salamu. Mgongo upo, magoti yapo, na meno yaliyobaki yanatosha kung'ata mtu. Kisu Butu, yule bibi wa Meza ya Tano, bado anapara samaki kama anayefuta ubao. Jana mteja wangu alimfumbua samaki changu mdomo, akamwona chawa amekaa palipokuwa ulimi, akaruka nyuma mpaka akakanyaga ndoo. Nikamwambia, "Bwana wee, huyo kamla samaki ulimi tu. Kwani wewe samaki unamnunua aje kukupigia hadithi?" Akanunua wawili.

Sasa wewe. Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari sita, Fundi kaihesabu. Una nini?

Bibi yako

(Na mimi Fundi nakusalimu. Lile neno kuhusu Kisu Butu nimelipunguza makali.)


Maabara, chumba cha chini
9 Februari

Bibi, mke mwenzangu mkubwa,

Shikamoo. Chupa zimefika salama. Kifuniko cha saba tumekifungua watu watatu tukisaidiwa na mlango.

Sina kitu, Bibi, ni kazi tu. Chumba changu kipo chini ya ardhi, dirisha lipo juu karibu na dari, kwa hiyo siku nzima naona viatu vya watu wanaopita. Nina meza, hadubini, taa, na chawa wako.

Uliwahi kuniuliza kwa nini nanuna ukiwaita wadudu. Mdudu ana miguu sita. Hawa wana kumi na minne, jozi saba, na jozi zote zinakaribia kufanana. Ndiyo maana tunawaita isopodi, yaani wenye miguu iliyo sawa. Ukoo wao ni wa kaa, kamba na kambakoche, wale ambao vitabuni wanaitwa gegereka. Ila ndani ya ukoo huo wana tawi lao. Kaa na kamba wamevaa koti moja gumu lililofunika kichwa na kifua. Isopodi hana koti, kifua chake ni pingili wazi. Macho ya kaa yako juu ya vijiti. Ya isopodi yamelala kichwani. Na mama yao anabeba watoto kwenye mfuko chini ya kifua mpaka watoke wakiwa na sura yake, wamepungukiwa jozi moja tu ya miguu. Hata wale wanaojiviringa ukiinua chungu chenye unyevu uani ni binamu zao, waliohamia nchi kavu.

Halafu kuna swali dogo, wala halina maana kubwa. Katika kupara kwako kote, umewahi kuona chawa aliye katikati, ambaye si yule mdogo wa matamvuani wala yule mkubwa wa ulimini? Kuna watu huku wanasema hizo ni aina mbili tofauti.

Mjukuu wako, anayekula vizuri na kulala vizuri


Soko la samaki, Meza ya Nne
12 Februari

Mke mwenza mwongo,

"Anayekula vizuri na kulala vizuri." Nani alikuuliza? Miaka arobaini na moja natazama macho ya samaki nikajua nani kavuliwa leo na nani kalala barafuni siku tatu. Wewe utanificha nini? Barua yako ina macho ya juzi.

Habari ya ukoo imenifurahisha. Nimemtangazia Kisu Butu kwamba chawa wangu ni jamaa wa kambakoche, asiwatemee mate tena. Akanijibu, "Hata mimi nina jamaa waziri, mbona bado nanuka samaki?" Siku hiyo alinishinda. Siku hiyo tu.

Sasa nisikilize. Hao watu wa huko wanaosema aina mbili, waambie wameoana! Mdogo wa matamvuani ni mume, mkubwa wa ulimini ni mke. Samaki mmoja, nyumba moja. Na mke akifa au akichomoka, yule mume anahama matamvuani, anakwenda ulimini, ananenepa, na yeye mwenyewe anakuwa mke. Fundi ameacha kuandika, ananitazama. Andika, Fundi! Mimi nimeona kwa macho haya. Nikikuta mdomo hauna mke, najua mume yupo njiani.

Na hilo swali lako dogo lisilo na maana, mbona umeliweka mwisho? Hivyo ndivyo wanavyofanya wagonjwa. Anamsimulia daktari mafua nusu saa, akishashika mlango wa kutokea ndipo anasema, "Halafu kuna uvimbe hapa." Nionyeshe uvimbe.

Bibi yako, ambaye hakwenda shule lakini hakupotea njia


Maabara
16 Februari

Bibi,

Shikamoo. Nimeshika mlango, sasa nasema.

Mwezi uliopita nilipeleka tasnifu yangu ya uzamivu, ile uliyouliza mzamivu gani asiyejua kuogelea. Nimeandika humo hicho hicho unachosema: mdogo na mkubwa ni aina moja, mume anakuwa mke. Lakini profesa anayeongoza jopo la kunitahini ndiye aliyeandika kitabu kinachotumiwa na kila mtu, miaka ishirini na sita iliyopita, na humo mdogo ana jina lake na mkubwa ana jina lake. Amenirudishia kazi. Pembeni kaandika kwa wino wa kijani: "Nionyeshe mmoja aliye njiani. Bila huyo, hii ni hadithi."

Nimepewa mpaka tarehe 14 Machi. Nikienda mbele ya jopo mikono mitupu, nafasi yangu inafungwa na miaka minne inakwenda na maji.

Si kwamba sikutafuta. Nimepitia chupa zako zote za miaka miwili, chawa mia tatu na kumi na sita. Kila mmoja ni mdogo kamili au mkubwa kamili. Wa katikati hayupo hata mmoja. Bibi, nimeanza kufikiri labda Profesa ndiye mkweli.

Sikukwambia kwa sababu soko zima linajua unamsomesha daktari. Niliona aibu kwa ajili yako.

Mjukuu wako


Soko la samaki, Meza ya Nne
18 Februari

Mke mwenza,

Hujamwona wa katikati kwa sababu nilikuwa namtupa.

Ndiyo. Mimi, bibi yako. Rudia kusoma kama hujaelewa.

Mteja hapewi bidhaa iliyochanika. Hiyo ndiyo kazi yangu, nayo niliifanya kwako kwa moyo mmoja. Ulisema unataka chawa, nikakuchagulia wazuri, kama nichaguavyo samaki wa harusi. Walioharibika nikawarushia paka. Na hao unaowatafuta wote wana sura ya kuharibika!

Ngoja nikueleze. Kaa akikua anavua gamba zima mara moja, anatoka uchi wa mnyama. Chawa huyu ana haya zake. Anavua sketi kwanza, nusu ya nyuma. Anakaa hivyo, siku moja au mbili, ndipo anavua blauzi. Sasa akiwa njiani kuwa mke utamkuta nyuma keshatanuka, laini, mweupe, mwanamke mzima. Mbele bado mwembamba, mgumu, ndani ya gamba la ujana wake. Anachukiza kutazama. Nilidhani kakanyagwa na kisu. Nikaosha wenzake, yeye nikamtupa.

Mjukuu wangu, paka wa soko hili wameila tasnifu yako miaka miwili mfululizo. Wamenona kweli.

Halafu hilo la aibu. Aibu yangu naijua mwenyewe inapokaa, wala haikai kwako. Ukinificha jambo tena nitakuja huko na lori la barafu, nitasimama juu ya dirisha lako, na viatu vyangu utavijua.

Bibi yako

(Fundi: amezunguka meza mara tatu akisema barua hii. Ana huzuni lakini hataki niandike.)


Maabara
20 Februari

BIBI!

Usitupe! Usioshe! Usichague!

Nimecheka mpaka mlinzi wa jengo amekuja kuuliza kama kuna mtu kaumia, kisha nikalia kidogo mbele yake, akaniletea maji. Nilisoma habari ya kuvua nusu kwa nusu darasani, mwaka wa kwanza, na sikuwahi kujiuliza kwa nini chupa zako hazina hata mmoja aliye katikati ya kuvua. Nilidhani ni bahati tu. Ulikuwa ni wewe na usafi wako.

Sasa nataka wale wabaya. Nataka waliochanika. Ukimkuta, usimng'oe: kata kichwa cha samaki kizima, kifunge kwenye nailoni, kiweke barafuni, uniletee hivyo hivyo na uchafu wake.

Tuna siku ishirini na mbili. Wafukuzeni paka.

Mjukuu wako


Soko la samaki, Meza ya Nne
27 Februari

Mke mwenza,

Siku saba, vichwa mia mbili na vinne. Nimefumbua midomo mpaka vidole vimekufa ganzi. Waume kwa wake wapo wamejaa, wamestarehe, wamevaa kamili. Aliyevaa nusu hakuna. Nilipokuwa namtupa alikuwa haishi!

Ukweli ni huu: meza yangu peke yake haitoshi. Samaki wanaofika hapa wanapita meza kumi na moja. Kwa hiyo nimefanya jambo ambalo sikutegemea kulifanya nikiwa na akili zangu. Nimekwenda Meza ya Tano.

Unajua mimi na Kisu Butu miaka tisa hatusemezani ila kwa mafumbo na matusi. Nikamweleza habari yote, kitabu, Profesa, tarehe. Alisikiliza huku akipara, magamba yananirukia usoni, na nina hakika ni makusudi. Mwisho akasema, "Nyinyi wa Meza ya Nne mmejiona siku zote. Vichwa vyangu nitavikagua. Lakini sema tafadhali."

Nikasema.

(Fundi: alisema. Nilikuwepo. Ilichukua muda.)

Basi Kisu Butu akapanda juu ya ndoo akapiga kelele, na sauti anayo, hilo simnyimi: "Jamani! Kila mmoja akague ulimi kabla ya kupara! Mtoto wa hapa anatahiniwa!" Mtoto wa hapa, kasema. Hakusema mjukuu wa fulani.

Wewe kunywa uji, ulale. Huku tumeshakuwa kumi na moja.

Bibi yako


Soko la samaki
5 Machi

Mke mwenza, kaa chini.

Tunao watatu.

Wa kwanza kapatikana jana asubuhi. Nasikia, "Meza ya Nne! Njoo uone ubaya!" Nikatupa kisu nikakimbia, mimi, na magoti haya. Kisu Butu kashika kichwa cha changu kwa mikono miwili kama yai. Mdomoni ulimi umebaki kigutu, mke hayupo. Na hapo nyuma, kati ya matamvua na kigutu, yupo mwenyewe. Kiuno cha mama, kifua cha kijana. Hajaamua! Nilimtazama nikaona haya. Wangapi kama yeye nimewarusha?

Kufika saa tano nikapata wangu. Leo alfajiri Kisu Butu akapata wa pili wake. Wawili wa kwake, mmoja wangu. Inaniuma, lakini kitabuni uandike hivyo hivyo.

Hatukuosha. Hatukugusa. Kisu Butu alitaka japo kumpangusa ute yule wa pili, nikampiga kofi la mkono, akanirudishia, tukacheka mpaka wateja wakadhani tumepigana. Vichwa vitatu viko kwenye barafu, na dereva ameapa hatasimama hata kujisaidia.

Nenda kamwonyeshe Profesa hadithi yake.

Bibi yako na meza zote


Maabara
9 Machi

Bibi,

Shikamoo, na umpe shikamoo yangu Bibi wa Meza ya Tano.

Nimewatazama siku tatu, na sasa nakwambia kilichopo. Yule wa kwanza, nusu ya mbele inalingana na kila kipimo cha "mdogo" wa kitabuni. Nusu ya nyuma inalingana na "mkubwa". Majina mawili ndani ya mwili mmoja! Na viungo vya kiume bado anavyo. Halafu nikamgeuza, nikashusha taa. Chini ya gamba la zamani la kifua, kama vile kitambaa kinavyoonekana ndani ya kitambaa, kuna vipande vyembamba vinavyoanza kuota. Ni mfuko wa watoto, Bibi. Baba anashona mfuko wa watoto.

Nilisimama nikatembea chumbani. Viatu vilikuwa vinapita dirishani, na hakuna mwenye viatu aliyejua ninachokijua. Mimi nakijua, wewe unakijua, na meza kumi na moja zinakijua.

Jopo ni tarehe 14 saa nne asubuhi. Najua huwezi kuacha meza. Saa nne ikifika, nitaje tu.

Mjukuu wako


Idara ya Viumbe vya Bahari
17 Machi

Kwa Bibi wa Meza ya Nne,

Shikamoo. Samahani kwa kukuandikia bila kufahamiana. Mimi ndiye mwenye wino wa kijani.

Nadhani mjukuu wako amekwisha kukupa habari kwamba jopo limempitisha kwa kauli moja, na kwamba tangu Jumamosi anaitwa Daktari. Yeye ni mtu wa kiasi, kwa hiyo pengine hakukusimulia yaliyotokea, na mimi nimeona ni haki yako kuyajua.

Nilimwuliza mbele ya watu wote, "Nani alikufundisha kuwatafuta walioharibika?" Akajibu, "Bibi yangu anapara samaki Meza ya Nne. Na wawili kati ya watatu wamepatikana Meza ya Tano, ameniagiza nisisahau." Ukumbi ukacheka. Mimi nilicheka pia, na hilo naliombea radhi. Kisha nikainama kwenye hadubini.

Nilikaa hapo muda mrefu. Nilipoinuka, hakuna aliyekuwa anacheka. Kitabu changu kilikuwa mezani. Nilikifungua kwenye ukurasa wa majina yale mawili, nikachukua kalamu ileile ya kijani, nikakata moja.

Nilipoandika kitabu kile nilikuwa na sampuli thelathini, zote safi kabisa. Wavuvi nilikuwa nimewaagiza mimi mwenyewe: msiniletee walioharibika.

Kama hutaona ni usumbufu, ningependa kuja sokoni unionyeshe unavyowatambua. Nitakuwa mwanafunzi wako kwa siku utakazoruhusu.

Wako kwa heshima,
Profesa


Soko la samaki, Meza ya Nne
20 Machi

Profesa, mwanangu,

Marahaba. Nakuita mwanangu kwa sababu Fundi ameutazama mwandiko wako akasema hujafika sitini na tano.

Nilikuwa nimekuwekea maneno tangu Februari. Mengine Fundi alikataa kuyaandika, nikayatunza kichwani nije nikwambie ana kwa ana. Barua yako imeniharibia yote. Mtu akikubali kosa kabla hujamshika, unabaki umeinua mkono hewani kama mpumbavu.

Basi tusamehane, maana kosa letu ni moja. Wewe ulitaka wazuri tu, mimi nilitoa wazuri tu. Tofauti ni kwamba la kwangu halikuchapishwa.

Daktari wangu hakunisimulia habari ya kalamu, ni kweli. Alisema tu, "Tumeshinda, Bibi." Hapo nilimwelewa, kwa sababu alisema tumeshinda. Ila na wewe huna habari ya upande wetu, kwa hiyo sikiliza.

Tarehe 14, saa nne kamili, nilimtaja mjukuu wangu. Nilidhani nimemtaja kimoyomoyo. Kumbe nimepaza sauti. Kisu Butu akageuza kisu chake, akagonga meza kwa mgongo wa kisu, mara moja, ko! Mimi nikagonga. Wa Meza ya Sita akagonga, wa Saba, mpaka wa Kumi na Moja. Ndivyo tunavyofanya hapa akishushwa samaki mkubwa anayebebwa na watu wanne; hapo tunagonga mpaka awekwe mezani. Siku hiyo hakushushwa samaki yeyote. Wateja wanauliza, "Yuko wapi? Yuko wapi?" Kisu Butu anawajibu, "Yuko ukumbini, anajibu maswali!" Tuligonga mpaka bati la paa likawa linatetemeka. Hatukujua kama keshapita. Tuligonga hivyo hivyo, kwa kuwa kazi yake tuliiona kwa macho yetu, na iliyobaki ilikuwa ni nyinyi wa huko kukubali.

Sasa wa Meza ya Tatu kila siku ananiuliza kama Daktari wetu anatibu mgongo. Nimemwambia anatibu, ila uwe na miguu kumi na minne.

Njoo. Njoo saa kumi na moja alfajiri, samaki hawamngoji profesa. Usije na tai, itaingia kwenye utumbo. Utaanza kwa kupara, siku mbili, ndipo nikuruhusu kufumbua midomo. Macho yanakuja baada ya mikono. Nitakukalipia, Kisu Butu atakukalipia zaidi, na ukimwosha chawa hata mmoja bila ruhusa nitakukata kidole.

Na siku utakayompata wako wa kwanza, mwenye ubaya wake wote, tutakugongea visu.

Bibi wa Daktari